Boti ndogo ya matanga, ya zamani au ya kisasa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanahusu boti za matanga za fiba, futi 24 hadi 32, zenye vitanda, jiko na choo: boti ya kusafiria na kulala, si ya mashindano. Nikisema "ya zamani" nina maana ya zile zilizoundwa kati ya miaka ya 1965 na 1985, hasa Uingereza, Sweden, Ufaransa na Marekani. "Ya kisasa" ni ya kuanzia 2005 hivi. Zilizo katikati zina sura ya zote mbili, na mara nyingine ndizo zenye bei nzuri. Majibu mengi yanatazama pwani yetu, Lamu hadi Mtwara, lakini wasomaji walioko Ulaya nao wanauliza sana na nimewawekea sehemu yao.

Ukiacha mwaka, tofauti yenyewe iko wapi?

Iko chini ya maji. Boti nyingi za zamani zina mkuku, ule uti wa chini ya boti, ulio mrefu, unaoshuka taratibu kutoka omo (mbele) na kwenda hadi karibu na tezi (nyuma), na usukani umefungwa nyuma ya mkuku huo. Farumi, yaani uzito wa kuituliza boti, ya chuma au ya risasi, mara nyingi imetiwa ndani ya mkuku na kufunikwa kwa fiba. Mfano ninaoupenda ni Contessa 26, iliyochorwa na David Sadler na kuundwa na Jeremy Rogers kule Lymington, Uingereza, katika miaka ya 1960. Urefu wake ni mita 7.8, upana mita 2.3 tu, uzito kama tani mbili na nusu, na zaidi ya tani moja ya uzito huo ni farumi. Tania Aebi, Mmarekani aliyeondoka New York mwaka 1985 akiwa na miaka 18, alizunguka dunia peke yake kwa boti ya aina hii.

Ya kisasa ina tumbo bapa, mkuku mfupi na mwembamba uliofungwa kwa bolti, usukani unaoning'inia peke yake, wakati mwingine miwili, na upana wake haupungui mpaka tezi. Chukua Beneteau Oceanis 30.1: kiwiliwili mita 8.99, upana karibu mita 3, uzito kama tani 4. Ndani yake unasimama wima na kuvaa shati. Kwenye Contessa 26, mtu wa kimo cha kawaida huinama tangu anapoingia hadi anapotoka, na shati huvalia nje.

Mengine yote unayoyasikia, mbio, nafasi, jinsi inavyopokea wimbi, hata ada ya maegesho, yanatokana na maumbo hayo mawili.

Ipi ina mbio?

Ya kisasa. Kuna hesabu ya zamani: chukua urefu wa boti pale inapokutana na maji, kwa futi, tafuta kipeuo cha pili, zidisha kwa 1.34, unapata noti (maili za baharini kwa saa) ambazo boti nzito haivuki kirahisi. Contessa 26 ina futi 21 majini, kwa hiyo noti 6 na kidogo. Boti yenye futi 28 majini inafika 7. Kutoka Dar hadi Unguja, maili kama 40 za baharini, hesabu hiyo inakupa tofauti ya chini ya saa moja. Kama haraka yako ni hiyo, kuna boti za abiria.

Penye tofauti kubwa ni kupiga bisho, yaani kwenda kwa kukabili upepo. Mkuku mfupi na wa kina unashika maji vizuri, boti inakwenda karibu zaidi na upepo na haisukumwi sana pembeni. Mwenye mkuku mrefu, hasa mwenye matanga yaliyochoka, anageuza na kugeuza na bado anauona mnazi uleule. Anayeshuka kutoka Lamu kwenda Tanga mwezi wa Julai, kusi usoni na mkondo wa bahari unaelekea kaskazini, atalijua hilo siku ya kwanza. Lakini hata mwenye boti ya kisasa atachapwa. Manahodha wa majahazi walingoja kaskazi, na sioni aibu kufanya kama wao.

Nasikia za zamani ni imara zaidi kwa sababu fiba yake ni nene. Ni kweli?

Nusu yake ni kweli. Miaka ya 1960 waundaji walikuwa hawajaizoea fiba, wakaiweka nene kama waliokuwa wakiunda kwa mbao. Kiwiliwili cha namna hiyo kinavumilia kugongwa na gati, kukaa juu ya mchanga, na wajinga. Lakini unene peke yake si nguvu. Fiba nene iliyopakwa resini vibaya bado ni mbaya, na sitaha za boti hizo mara nyingi si fiba tupu: ni fiba juu, fiba chini, na katikati mbao laini ya balsa au plaiwudi, ambayo ikilowa huoza.

Habari zinazotajwa sana ni mbili, na zinavutana. Ya kwanza ni mashindano ya Fastnet ya 1979. Dhoruba ilizikuta boti 303 kati ya Uingereza na Ireland, wakafa wanamaji 15 wa mashindano. Katika daraja la boti ndogo kabisa, boti moja tu ilimaliza, Contessa 32 iitwayo Assent. Wachunguzi walilinganisha umbo la Contessa 32 na la boti nyepesi na pana ya wakati ule, wakakuta Contessa ikilazwa hata ikaelekea kupinduka kabisa bado inataka kurudi, wakati ile pana inaweza kutulia mgongo ukiwa chini. Tangu hapo kipimo cha pembe ya kupinduka kinaangaliwa kwa makini.

Ya pili ni ya Mei 2014. Boti aina ya Beneteau First 40.7, jina lake Cheeki Rafiki, ilikuwa ikirudi Uingereza kutoka Antigua. Katikati ya Atlantiki mkuku ulichomoka, ikapinduka, na watu wote wanne walipotea. Ilikuwa boti kubwa kuliko hizi tunazozungumzia, lakini namna ya kuundwa ni ileile: mkuku wa bolti na kiunzi cha ndani kilichogandishwa kwenye kiwiliwili. Wachunguzi wa ajali za baharini wa Uingereza walieleza kwamba huenda kugonga chini kwa siku za nyuma, pamoja na matengenezo yaliyofuata, kulidhoofisha muundo, na gundi iliyoachia ndani haionekani kirahisi.

Sisi tuna matumbawe. Kwa hiyo kwa boti ya kisasa swali langu la kwanza kwa muuzaji ni "imewahi kugonga?", na nikijibiwa "hapana, kamwe" na mtu aliyekaa nayo miaka kumi Kilifi au Msasani, ninamwangalia tena usoni.

Basi ya zamani haipinduki?

Inapinduka. Mashindano ya Golden Globe, ya kuzunguka dunia mtu peke yake, yaliporudishwa 2018, sheria ilidai boti zilizochorwa kabla ya 1988, zenye mkuku mrefu. Bahari ya kusini ilizilaza na kuvunja milingoti kadhaa hata hivyo. Katika toleo lililofuata mshindi alikuwa Kirsten Neuschäfer wa Afrika Kusini, aliyemaliza Aprili 2023 kwa boti ya mkuku mrefu, akapata muda wa kumwokoa mwenzake aliyezamiwa na chombo njiani.

Boti za mikuku miwili zinatufaa?

Sana, na nashangaa hatuzioni zaidi. Maji yetu ya bamvua hupanda na kushuka karibu mita 4 kati ya Mombasa na Tanga. Boti ya mikuku miwili unaipeleka kwenye mchanga maji yakiwa juu, maji yanakupwa, inabaki imesimama wima, unakwangua chini, unapaka rangi, unasubiri maji yarudi. Hulipi kreni. Westerly Centaur ya Uingereza, futi 26, iliundwa 1969 hadi 1980, zaidi ya 2,400, na bado zipo nyingi sokoni. Ubaya wake ni kwamba inakwenda joshi, karibu na upepo, kwa uvivu, na sehemu mikuku inapoungana na kiwiliwili inachoka. Ingia ndani, fungua sakafu, mwenzako nje auchukue mkuku mmoja kwa mikono miwili autikise. Ukiona fiba ya ndani inacheza, shuka uende zako.

Nikienda kuitazama boti ya zamani nianzie wapi?

Acha kabati za mtiki na mito mipya. Panda sitahani na bisibisi yenye mpini wa plastiki. Gonga kwa mpini, kidogo kidogo, kila baada ya kiganja. Sitaha nzima inajibu kwa mlio mkavu na mfupi. Ukifika penye mbao iliyooza mlio unakuwa butu, umezibwa. Zunguka hasa kwenye miguu ya vyuma vya kushikia pembeni, chini ya mlingoti na kando ya mabamba ya chuma yanayoshika waya za mlingoti, maana maji huingilia kwenye matundu ya bolti. Paka alama ya chaki. Mahali pawili au patatu pa ukubwa wa sahani panatengenezeka. Sitaha nzima ikiwa na chaki, hiyo ni kazi ya miezi.

Kisha ndani, kwenye yale mabamba ya waya. Muuzaji mwaminifu atakuacha ufungue ubao. Unatafuta mchirizi wa kahawia ulioshuka ukutani. Chuma kisicho na kutu kinaoza pale hasa pasipoonekana, ndani ya tundu la sitaha penye maji yasiyo na hewa, na nje kinabaki kinang'aa. Waya zenyewe nyingi hubadilishwa kila miaka 10 hadi 15. Kwa jua na chumvi yetu mimi nahesabu 10. Ukiambiwa "hizi ni za kiwandani" na boti ni ya 1974, ingiza bei ya waya zote kwenye mazungumzo.

Vali za chini ya maji: shika kila mpini uufunge na kuufungua. Uliokwama umekwama, usisikilize maelezo. Mpira wa bomba nao ufinye.

Mwisho tia pua ndani ya ngama, chini ya sakafu maji yanapokusanyika. Harufu ya dizeli na ya maji yaliyolala inasimulia zaidi kuliko daftari la matengenezo. Baada ya hayo yote ndipo unamwita mkaguzi wa boti, ili usimlipe kukuambia usichokitaka kununua tangu mwanzo.

Na ya kisasa je?

Inua sakafu, tazama kila bolti ya mkuku na kile kiunzi kilichogandishwa. Nyufa ndogo kama nywele kuzunguka bolti, au kiunzi kilichoachana na kiwiliwili hata kwa unene wa karatasi, ni habari nzito. Nje, tazama mahali mkuku unapokutana na kiwiliwili, upande wa mbele. Wamarekani wana boti ya Catalina ambayo ufa wake hapo wanauita tabasamu, na mara nyingi ni kubana bolti tu, lakini tabasamu linalotoa maji ya kutu halichekeshi.

Tikisa usukani, maana hauna mkuku wa kuukinga. Halafu uliza umri wa ule mpira mkubwa unaozunguka mguu wa injini, kwa boti ambazo gia inashuka moja kwa moja chini. Volvo Penta wanataka mpira huo ubadilishwe kila miaka 7, na kuubadilisha ni kuivuta injini mbele. Nimeona boti ya miaka 15 ikiuzwa "kama mpya" na mpira wake wa kwanza.

Malengelenge ya chini nayaogopa. Niache kununua?

Usiache. Fiba ya poliesta inakunywa maji polepole, maji yanakutana na kemikali zilizobaki kwenye resini, shinikizo linapanda, malengelenge yanatokea. Maji yetu ya uvuguvugu yanaharakisha jambo hili kuliko ya Scotland. Lakini sijasikia boti iliyozama kwa malengelenge. Yakiwa machache, yafungue, yasafishe kwa maji matamu, yakaushe kweli kweli, yazibe kwa epoksi. Yakiwa mengi, ni hoja ya kushusha bei. Boti zilizoundwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 kwa kawaida zina resini bora zaidi upande wa nje.

Injini?

Ndiyo inayoamua zaidi ya mwaka wa boti. Dizeli ndogo kama Yanmar ya silinda moja, hata ya miaka 30, fundi wa pampu za maji wa Tanga anaielewa. Mpya zenye vifaa vingi vya umeme zinataka fundi mwenye kompyuta, na huyo hayuko kila gati. Boti za Marekani za miaka ya 1970 nyingi zilikuwa na injini ya petroli ndani. Mvuke wa petroli ndani ya ngama sitaki hata kuuzungumzia, ichomoe.

Bei zikoje?

Ulaya, Centaur au Albin Vega ya Sweden inayoelea na kwenda unaipata kwa paundi elfu chache, bei ya gari lililotumika. Mpya ya futi 30, ikishapata matanga, nanga, vifaa na kodi, siku hizi inavuka euro laki moja. Kati ya hizo mbili kuna za miaka 15 hadi 20, zilizokuwa za kukodisha au za familia.

Lakini bei ya ya zamani ni lango tu. Injini mpya, waya, matanga na kazi ya sitaha vikijumlishwa vinaweza kuzidi bei ya kununulia mara mbili au tatu, na ukiuza hakuna atakayekurudishia. Ndiyo maana ushauri wangu ni kumtafuta mtu aliyekwisha kuzitoa fedha hizo kisha akachoka, au mkewe amechoka, au goti limechoka. Huku kwetu wanakuja: wanafika kutoka Madagaska au Shelisheli, wanaingia Kilifi, wanatia nanga kupumzika, na safari inaishia hapo.

Herufi A, B, C kwenye kibao cha boti zina maana gani?

Tangu 1998 boti mpya inayouzwa Umoja wa Ulaya lazima iwe na daraja. A ni ya bahari kuu, B inaruhusu upepo hadi nguvu ya 8 na mawimbi ya mita 4, C hadi nguvu ya 6 na mita 2, D ni ya maji yaliyojikinga. Za zamani hazina kibao hicho, na hilo si kasoro. Soma pia idadi ya watu iliyoandikwa, kwani boti moja inaweza kuwa B kwa watu sita na C kwa wanane.

Mafundi wetu wa majahazi wanaweza kuitengeneza?

Mbao zote za ndani, ndiyo, na vizuri kuliko zilivyotoka kiwandani. Fiba pia siku hizi ina mafundi wazuri, kwa sababu boti za uvuvi na za utalii zimekuwa za fiba. Shida ni vipuri. Ya zamani yenye kamba na vali za shaba inatengenezeka kwa vitu vilivyoko sokoni au vya kuchongesha. Ya kisasa ina kifuniko cha dirisha cha plastiki cha umbo lake tu, na kinatoka Ufaransa.

Nina mke na watoto wawili wadogo.

Kisasa, bila kubishana. Inalala kidogo upande, ina choo chenye mlango, na ngazi ya nyuma ya kushukia majini. Familia ikiichukia boti wiki ya kwanza, namna ya zamani inavyopokea wimbi vizuri haitakusaidia. Weka tanga la kivuli kubwa kuliko unalodhani linatosha.

Na anayesafiri peke yake?

Ya zamani, kama una subira. Mkuku mrefu unashika njia, ukiifunga kana, ule mpini wa usukani, unapata muda wa kuchemsha chai. Jambo moja tu: kurudi kinyumenyume kwa injini haitaki kusikiliza. Ingia bandarini pole pole na uwe na mpira wa kukinga pande zote mbili.

Niko Ulaya. Ninunue huku niilete nyumbani?

Kuinunua huko ni sawa, soko ni pana. Kuileta kwa matanga ni safari ya mwaka au zaidi, na njia ya Bahari ya Shamu siipendekezi kwa hali ya sasa. Kuileta juu ya meli inaweza kugharimu kuliko boti yenyewe kama ni ya zamani, na bado kuna forodha. Mwone wakala wa forodha kabla hujalipa, si baada. Kama nia yako ni wikendi za huko uliko, nunua ya kisasa kidogo, ya miaka 15, usafiri nayo, uiuze ukiondoka.

Karatasi za kumdai muuzaji ni hizi: hati ya mauzo ya kila mmiliki, na uthibitisho kuwa kodi ya ongezeko la thamani ililipwa. Kwa boti za zamani sana karatasi ya kodi inaweza kuwa imepotea miaka 30 iliyopita, na mnunuzi anayefuata atakuuliza wewe.

Wewe ungechukua ipi?

Kwa pwani hii, fedha zangu, na gati lililo mbali na duka: ya mkuku mrefu au mikuku miwili, futi 27 hivi, injini isiyozidi miaka 15, sitaha kavu. Ningeishi na ile kuinama.

Kuna mtu anataka kunipa boti ya bure. Nichukue?

Muulize kwanza inalipia maegesho kiasi gani kwa mwezi na anadaiwa miezi mingapi, kwa sababu deni mara nyingi linafuata boti. Kisha jiulize utaitupa wapi ikishindikana. Fiba haichomwi na haiozi. Ufaransa tangu 2019 wana mfumo wa APER unaopokea boti zilizokufa bila malipo ya kuzivunja. Huku hakuna mfumo kama huo: ikishindikana, itabaki kwenye mikoko na jina lako ubavuni.